Deni na Aibu

3 Machi, usiku

Simu kutoka namba nisiyoijua. Mwanamke, sauti laini, kanitaja jina langu kamili. "Mwambie ndugu yako alipe kabla ya saa kumi kesho, la sivyo tutawajulisha na wengine." Wengine akina nani? Deni lenyewe shilingi 3,000, mkopo wa programu ya simu. Na mimi nilimdhamini lini? Moyo bado unanidunda. Mdogo wangu hapokei simu.

4 Machi

Amekuja. Chakula kakigusagusa tu. Simu kailaza kifudifudi mezani, na kila ikitetemeka mabega yanampanda. Fundi aliyemfunza kazi ameshapigiwa. Shemeji kapigiwa. Mchungaji katumiwa ujumbe kwamba ni mwizi. Jumapili hakwenda kanisani, na hakuna aliyemkataza.

"Dada, afadhali wangenipeleka polisi."

Maneno haya yameniingia. Polisi wangemweka ndani, kisha angetoka. Hawa wamemfungia katikati ya watu wake mwenyewe.

6 Machi, alfajiri

Usingizi hakuna. Leo nafundisha mwanafalsafa Foucault, kitabu chake cha 1975 kuhusu gereza, na lile gereza alilolibuni Bentham: mnara katikati, mlinzi haonekani, mfungwa hajui kama anatazamwa saa hii au la, basi anajichunga mwenyewe. Somo hili nalijua kwa moyo. Lakini leo linanikwama. Mfungwa wa Bentham alimhofia mlinzi. Mdogo wangu hamhofii yule mwanamke wa sauti laini hata kidogo. Anachohofia ni macho ya mama. Upendo wetu ndio fimbo wanayompigia. Hasira niliyo nayo!

6 Machi, jioni

Mwanafunzi mmoja, binti mkimya wa nyuma, kaniuliza: na kipande je, mwalimu? Nimerudi nyumbani nikilitafakari swali lake njia nzima. Kibweta cha bati shingoni, Kenya ya kikoloni, kuanzia 1920, kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu. Ndani yake alama za vidole, mwajiri, mshahara. Ukitoroka kazi, unasakwa kwa hicho hicho. Ila kila mtu alikiona shingoni mwa mwenzake. Dhuluma ya wote, ya mchana kweupe. Harry Thuku, aliyekipinga kipande, alipokamatwa, Machi 1922, watu walijaa nje ya kituo cha polisi Nairobi, na mwanamke mmoja, Muthoni Nyanjiru, akawaka mbele ya wanaume waliotaka kurudi nyuma. Walimiminiwa risasi, na yeye akafa pale. Lakini walijuana. Deni la simu kila mtu analo kivyake, usiku, na anaamini ni yeye tu.

9 Machi

Nimelisema chamani. Kimya kwanza, watu wanatazama vikombe. Halafu mama wa mitumba: "Hata mimi." Akafuata mwingine, na mwingine. Mmoja hata kukopa hakukopa, namba yake tu ilikuwa kwenye simu ya mpangaji wake! Kanuni za Benki Kuu za 2022 zinakataza haya yote, vitisho, matusi, kuchokonoa orodha ya namba za mkopaji ili kuwasumbua jamaa zake. Wengi hawakuwa na habari. Tumekubaliana: ukipigiwa kwa deni la mwenzako, kata. Kisha mwendee, mwambie ana kwa ana, na usimtazame vibaya. Nimetoka pale nimesimama wima.

10 Machi

Mama ameambiwa. Mdogo wangu kamwambia mwenyewe, mimi nimekaa kando tu. Mama kauliza ni kiasi gani na atamaliza lini. Kwa nini alificha, hakuuliza.

Mbona nafuu kubwa hivi? Deni liko palepale, atalilipa kidogo kidogo. Kesho tunapeleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Nilitaka kumwandikia mdogo wangu, kakataa. Anaandika yeye, kwa jina lake.