Kati ya "Huenda" na "Husababisha"

Katika kazi hii ya habari, neno linalokatwa mapema kuliko yote ni "huenda". Linakula nafasi na kupunguza ukali wa kichwa cha habari. Mtafiti anaandika kwamba chakula fulani huenda kinahusiana na kupungua kwa saratani fulani kwa watu fulani. Ikifika gazetini inakuwa "chakula hiki huzuia saratani". Ikifika kwenye magrupu ya WhatsApp inakuwa "kansa kwisha habari yake, sambaza uokoe maisha". Safari nzima ni hatua mbili tu, na kilichodondoka njiani ni neno moja.

Mama yangu mdogo, wa Machame, alipogundulika na saratani ya umio, ile njia inayopitisha chakula kutoka kooni kwenda tumboni, niliona pengo la neno hilo mezani kwake. Kila aliyekuja kumwona alileta chakula cha kuongeza na kingine cha kukataza. Majani ya mstafeli yakaja, unga wa mlonge ukaja, bitiruti zikaja. Sukari marufuku, maziwa marufuku, nyama marufuku. Mtu ambaye kumeza kwenyewe ni kazi alinyang'anywa mtori wake, eti una nyama. Mtaalamu wa lishe alipomwona, jambo la kwanza alilosema ni kwamba mgonjwa huyu ana njaa.

Tunasema kinga ni bora kuliko tiba. Hakuna mahali tuliposema kinga ndiyo tiba. Tafiti nyingi za lishe na saratani hufuatilia watu wazima kiafya kwa miaka mingi, kuona nani ataugua na nani hataugua. Kuuchukua ushauri wa aina hiyo na kumlisha nao mgonjwa aliyekonda ni kumpa jibu la swali ambalo hakuuliza.

Na hata kwenye kinga yenyewe mambo si mepesi. Wanasayansi waliona kwamba watu wanaokula mboga na matunda kwa wingi hupata saratani ya mapafu kwa uchache. Wakaishuku beta-karotini, kitu kile kinachoipa karoti rangi yake. Basi huko Finland wakaitia kwenye vidonge na kuvijaribu kwa wanaume wavuta sigara. Jaribio zima lilikuwa na watu zaidi ya 29,000. Matokeo yalitoka mwaka 1994. Waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao, kwa asilimia 18. Mwaka 1996 jaribio la namna hiyo nchini Marekani likasimamishwa kabla ya wakati wake, nalo kwa kuonyesha madhara.

Karoti haikuwa na kosa. Ila mtu anayekula karoti anakula na vingine vingi, na ana maisha yake mazima nyuma ya sahani ile. Kidonge kilibeba kitu kimoja kikaacha mengine yote. Ndiyo maana mtafiti makini hung'ang'ania "huenda". Wengine huuona kama woga, lakini ni kipimo cha anachokijua.

Jioni moja mama mdogo akaniuliza, "Mwanangu, wewe unasoma sana. Ni chai ndiyo iliyoniponza?"

Alikuwa amesikia redioni, na swali lake lilikuwa halali kabisa. Mwaka 2016 jopo la Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilisema kwamba vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 huenda husababisha saratani ya umio. Tatizo ni moto wake, si majani. Jopo hilo hilo liliitoa kahawa kwenye orodha ya washukiwa, ambako ilikuwa imekaa tangu 1991. Na watafiti waliopima chai mkoani Kilimanjaro walikuta kwamba, kwa wastani, watu huanza kuinywa ikiwa imevuka nyuzi 70. Sikushangaa. Kwetu, kumpa mgeni chai iliyopoa ni kama kumwambia aondoke.

Nikamweleza hayo yote. Kisha nikamwambia kwamba hesabu hizi ni za watu wengi. Haziwezi kurudi nyuma zikamnyooshea kidole mtu mmoja na kikombe chake. Wapo majirani waliokunywa chai ile ile, kwa moto ule ule, wakazeeka salama. Tumbaku na pombe nazo zina mchango wake katika ugonjwa huu, na yeye hakugusa hata kimoja.

Akakaa kimya. Kisha akasema, "Kwa hiyo sikujiua."

"Hapana, Mama. Hukujiua."

"Lakini waambie watoto wasubiri ipoe."

Sijasoma mahali popote utafiti wa lishe ukielezwa vizuri kuliko hivyo. "Huenda" inatosha kumfanya mtu abadili mazoea yake, hasa pale ambapo kubadili hakumgharimu chochote zaidi ya dakika chache za subira. Haitoshi kumhukumu aliyekwisha kuugua. Tukilikata neno hilo, tunawauzia wazima matumaini ya bei rahisi, na wagonjwa tunawabebesha hatia ambayo sayansi yenyewe haijawapa.

Mama mdogo alifariki miezi michache baadaye. Mtori wake ulikuwa umerudi, na nyama yake ikiwa imesagwa laini.