Funga Kabla ya Kukata

Njombe, Juni

Mwanangu mpendwa,

Baridi ya huku imetuingilia hadi jikoni, lakini tu wazima. Baba yako kaniambia umepata kazi ya kufasiri kitabu cha kufuma masweta. Kurasa ulizoniletea nimezisoma sindano mkononi, nikifuata kila ulichoandika.

Nimefika mwisho nikakwama. Umeandika, "Tupa vitanzi vyote." Mwanangu, nikivitupa, sweta zima linafumuka! Nikajua Kiingereza kilisema "cast off", nawe ukalifasiri neno la kwanza peke yake. Maneno hayo mawili yakishaoana, husahau kwao.

Mfumaji akisema hivyo, anafunga kazi. Hufuma vitanzi viwili, akakivusha cha kwanza juu ya cha pili; hufuma kingine, akavusha tena, mpaka kibaki kimoja. Hapo hukata uzi na kuupitisha ndani yake. "Cast off" ni usemi wa Waingereza. Wamarekani husema "bind off", na kufunga kumo ndani ya neno lenyewe. Kuanza, wote huita "cast on".

Sasa sikia ajabu. Baharia akisema "cast off", anafungua kamba ili chombo kiondoke gatini. Tena nguo ambayo mwenyewe kaichoka akampa mwingine huitwa "cast-off". Mitumba tunayochagua sokoni ni ukoo huo. Mmoja anafunga, mwenzake anafungua, wa tatu anaachana na nguo yake. Basi kabla hujafungua kamusi, tazama mkono wa msemaji umeshika nini: uzi, kamba, au nguo kuukuu.

Andika "Funga vitanzi", kisha ongeza: usikaze. Wengi wakiona mwisho umekaribia huvuta uzi kwa pupa, na kola ikagoma kupita kichwani. Mimi hapo hubadilisha sindano, nikachukua iliyo nene zaidi. Nawe kazi yako usiimalize kwa pupa. Mpe mfumaji aifuate kwa mikono yake kabla hujaikabidhi.

Sweta lako la buluu nimelituma kwa basi. Najua Dar es Salaam halivaliki. Livae ukija kutusalimu. Kola nimeifunga kwa sindano nene.

Wasalaam,
Shangazi yako