Mombasa: Watu Wawili, Mpira Mmoja, Hesabu Moja

Jumapili alasiri, watu wa Mombasa wakitaka kupunga upepo huelekea Lighthouse, kando ya barabara ya Mama Ngina. Hapo kuna mibuyu mikubwa, madafu, na mihogo ya kukaanga iliyotiwa pilipili na ndimu. Meli zinazoingia bandari ya Kilindini hupita karibu mno hata watoto huzipungia mikono. Bustani ya hapo ilikarabatiwa mwaka wa 2019, na siku za sikukuu hapapitiki.

Lakini ni wachache katika umati huo wanaojishughulisha na uwanja wa majani ulio jirani. Huo ni uwanja wa Klabu ya Gofu ya Mombasa, iliyoanzishwa mwaka wa 1911. Una mashimo 9 tu, juu ya majabali ya matumbawe, na upepo wa kusi ukivuma kutoka baharini mpira huenda utakako upepo, si utakako wewe. Anayetaka mashimo 18 huuzunguka mara mbili.

Kati ya michezo yote inayochezwa hapo, msomaji, unaonipendeza zaidi ni ule uitwao fosamu. Wachezaji ni wanne, wawili kwa wawili, na kila jozi ina mpira mmoja tu. Huyu akipiga, pigo linalofuata ni la mwenzake, hadi mpira uingie shimoni. Mmoja huanzisha mashimo ya witiri, yaani 1, 3, 5 na kuendelea, na mwenzake huanzisha ya shufwa. Na hapa uwanja wa mashimo 9 una raha yake: shimo la kwanza likirudiwa huwa la 10, kwa hiyo aliyelianzisha mara ya kwanza hulianzisha mwenzake mara ya pili. Hakuna wa kukwepa shimo gumu!

Ushindi huhesabiwa shimo kwa shimo. Jozi iliyotumia mapigo machache imechukua shimo hilo. Mkilingana, hakuna aliyepata. Mkiongoza kwa mashimo 3 na yamebaki 2, mchezo umekwisha, peaneni mikono.

Sasa, itakuwaje jozi moja ikiwa na nguvu kuliko nyingine? Hapo ndipo inapoingia hendikapu, ile namba inayoonyesha kila mchezaji husaidiwa mapigo mangapi. Katika utaratibu wa dunia ulioanza 2020, namba ya mtu hurekebishwa kwanza kulingana na ugumu wa uwanja. Kisha hesabu ya fosamu ni hii: jumlisha namba za wawili wa jozi, gawa kwa 2. Fanya vivyo hivyo kwa jozi ya pili. Ikibaki nusu, ipandishe iwe nzima. Halafu toa ndogo kutoka kwa kubwa. Jozi yenye namba ndogo haipati kitu, na ile nyingine hupewa tofauti hiyo.

Niliwahi kushuhudia hesabu hiyo ikitaka kuvunja urafiki. Wageni wawili kutoka bara walikuwa na hendikapu za 8 na 14. Wenyeji walikuwa mzee mmoja mstaafu na mpwa wake. Walikuwa wamewekeana mbuzi wa kuchoma.

"Mimi 18," akasema kijana.

"Na mimi 20," akasema mzee, huku akiangalia baharini.

Kijana akanyamaza kidogo. Alijua, na mbeba mifuko alijua, kwamba namba ya mzee ilikuwa imepanda hadi 28. Zamani alikuwa mpigaji hodari. Miaka imemchukulia nguvu za mabega, na kuitaja namba hiyo mbele ya wageni ni kama kutangaza uzee.

"Mjomba," kijana akasema kwa upole, "ukijipunguzia wewe, unanipunguzia na mimi."

Tuchukue kalamu tuone kama kijana alisema kweli. Wageni: 8 na 14 ni 22, nusu yake 11. Wenyeji kwa namba ya kweli: 18 na 28 ni 46, nusu yake 23. Toa 11, wanapewa mapigo 12. Lakini kwa namba ya mzee: 18 na 20 ni 38, nusu yake 19. Toa 11, wanabaki na 8. Aibu ya mtu mmoja ingewagharimu wawili mapigo 4! Na lau angejiongezea, angewaibia wageni vilevile.

Mzee akacheka, akasema, "Haya, andika 28." Lakini mgeni mmoja naye akaja juu. Alidai nusu ni ya nini, au kwa nini wasihesabu kuanzia kwa mchezaji bora kama wafanyavyo kila mtu akiwa na mpira wake? Jibu ni rahisi. Hapa chungu ni kimoja na wapishi ni wawili. Kila mmoja hupiga karibu nusu ya mapigo, basi udhaifu wake na umahiri wake vyote huingia nusu. Wakipewa jumla nzima ya tofauti, mapigo 24, wageni wangekuwa wanaonewa.

Mapigo hayo 12 hayagawiwi kiholela. Kadi ya alama huyapanga mashimo yote 18 kwa zamu ya kupewa msaada, 1 hadi 18. Wenyeji walipata pigo moja katika mashimo yenye namba 1 hadi 12. Katika shimo kama hilo, wao wakimaliza kwa 5 na wageni kwa 4, wamelingana. Na pigo hilo ni la jozi. Haulizwi nani alianza wala nani aliharibu.

Walikwenda hivyo, leo mbele hawa, kesho wale, hadi shimo la 18 wakiwa sare. Wageni walilichukua hilo la mwisho. Mzee akawapa mkono, akalipia mbuzi, na hakuna aliyetaja hesabu tena. Haikuwa na dosari, basi wangemlaumu nani?

Mali bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari. Nawe ukienda Lighthouse na ukaalikwa kuunda jozi, taja namba yako ya kweli kabla ya pigo la kwanza. Mwenzako anaitegemea.