Chumvi ya Krotoa

Basi lilivuka Limpopo usiku, na alfajiri ya siku ya nne tangu niiage Dar es Salaam nikashuka Johannesburg meno yakigongana. Mimi mtu wa Tanga, baridi naijua ile ya Lushoto tu. Hii ya Juni ni kavu, inauma masikio, maana mji umekaa mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari. Kaka yangu akanifunga blanketi mabegani, tukaenda Jeppestown alikopanga chumba.

Siku nzima nilizunguka nikishangaa nyumba za matofali mekundu, gereji bega kwa bega, na mtaa wa Jules ulionyooka kama mshipi wa mvuvi uliokamata papa. Watu wakanisalimu "Sawubona". Kaka akasema maana yake tumekuona, nami nikafurahi kuisikia "kuona" yetu imo humo ndani.

Jioni umeme ukakatika mtaa mzima. Nikainua macho. Zile nyota mbili kali za upande wa kusini, ambazo Tanga tunaziona zimeinama kuelekea baharini, hapa zilikuwa zimepanda juu zaidi! Mzee mmoja jirani, mpenzi wa nyota, akaniona nimeduwaa. "Kesho nitakupeleka kilimani," akasema.

Tukaenda kwa miguu, tukapita Troyeville na Bezuidenhout Valley, hadi kilima cha Observatory chenye mapaa ya kuba yanayofanana na ya misikiti. Kituo hicho cha kutazamia anga kilianza mwaka 1903. Hapo mtaalamu wa nyota Robert Innes alilinganisha picha mbili za anga zilizopigwa kwa kupishana miaka, akaona kidoa kimoja kimehama. Mwaka 1915 akatangaza Proxima, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya jua. Nuru yake hutufikia kwa miaka 4 na ushei. Mwaka 2016 ikagunduliwa sayari inayoizunguka.

Nikauliza, ina hewa? Mzee akatikisa kichwa. Inavyojulikana, sayari ile haikatizi mbele ya nyota yake tukiitazama kutoka huku, na kukatiza ndiko kunakofichua hewa. Akanipa mfano wa Naledi, nyota iliyo mbali kuliko Proxima zaidi ya mara mia. Sayari yake, Krotoa, huizunguka kwa siku nne na nusu hivi. Iligunduliwa kutoka Sutherland, kwenye nyika ya Karoo, kwa kamera nane zenye lenzi za kupigia picha za kawaida, zikivizia nuru ya nyota ipungue kidogo sayari inapopita.

Inapopita, nuru kidogo huchujwa na hewa yake. Kila kitu kilichomo humeza rangi yake. Darubini ya Hubble iliichambua nuru hiyo, na mwaka 2021 Munazza Alam na wenzake wakaeleza kwamba anga la Krotoa halina mawingu, tena lina sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani.

Lakini kwa nini kupeleka darubini kama Hubble angani? Kwa sababu hewa yetu nayo humeza nuru. Ni sawa na kuonja mchuzi wa jirani hali mdomo wako umejaa chumvi. Hata ile ya James Webb, yenye kioo cha mita 6.5, imewekwa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani.

Majina ya Naledi na Krotoa yalichaguliwa na Afrika Kusini mwaka 2019. Naledi ni nyota kwa Kisotho. Krotoa alikuwa mwanamke wa Kikhoi, mkalimani pale Cape karne ya 17. "Na yenu Watanzania inaitwa Mpingo," mzee akasema, "sayari yake Tanzanite." Nikamwomba arudie. Nimekulia nyumba yenye kinyago cha mpingo mlangoni, na sikujua tuna mwingine juu.

Usiku tukaota moto wa imbawula, pipa la bati lililotobolewa matundu. Makaa yalikuwa na ndimi za buluu. Mzee akachota chumvi kwa vidole viwili, akairusha. Moto ukageuka manjano, nyuso zetu zote zikawa manjano. Rangi ambayo chumvi huitoa ikiwa motoni, akasema, ndiyo iliyokosekana kwenye nuru iliyopita anga la Krotoa.

Mtoto wa mpangaji wa jirani akanyoosha kiganja aongezewe chumvi. Nikampa kifuko kizima.