Kifaa cha Pembeni

Watu wa kompyuta wana jina moja kwa printa, skana, kipanya na kila kitu kinachochomekwa kwa waya: vifaa vya pembeni. Katikati kuna mashine na mfumo endeshi wake. Hivyo vingine vimekaa kandokando kama wageni waalikwa, wakiondoka shughuli inaendelea. Sikuwahi kugombana na jina hilo mpaka mfumo endeshi wa laptopu ya shangazi yangu ulipopandishwa toleo, na kifaa chake kimoja cha pembeni kikanyamaza.

Shangazi haoni tangu utotoni. Alisoma kwa nukta nundu, akafundisha Kiswahili sekondari hadi kustaafu, na sasa yuko Tanga anahariri miswada ya watu, hasa mashairi. Kifaa ninachokisema ni kibao chembamba kinachokaa mbele ya kibodi. Kina seli 40, na kila seli ina pini 8 ndogo zinazopanda na kushuka, ili maandishi ya kwenye skrini yainuke chini ya vidole. Louis Braille, kijana wa Kifaransa aliyekuwa na miaka 15 alipoukamilisha mfumo wake mwaka 1824, alitumia nukta 6 kwa kila herufi. Kompyuta imemwongezea 2.

Mtu anayeona atauliza, na wengi wameuliza: si kompyuta inaongea? Inaongea, tena vizuri. Shangazi anatumia NVDA, kisoma skrini cha bure kilichoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, naye ni mtu asiyeona. Sauti ya Kiswahili ipo. Huisikiliza kwa kasi ambayo mimi nasikia mvua ya mabati tu, yeye anasikia taarifa ya habari.

Lakini kusikiliza taarifa ni jambo moja, na kuhariri shairi ni jambo lingine. Chukua "ngoa" na "ng'oa". La kwanza ni wivu na matamanio, neno linalopendwa na washairi. La pili ni kuchomoa kitu na mizizi yake. Yote mawili yana mizani 2, kwa hiyo hata ukihesabu hutashtuka. Katika sauti inayokimbia, tofauti ni kinukta cha hewa. Kwenye vidole, kile kiapostrofi kina seli yake, kimekaa pale, huwezi kukiruka. Halafu mshororo wa mizani 16, ukiuandika pamoja na nafasi zake, mara nyingi unaenea kwenye seli 40. Kwa hiyo shangazi huushika mshororo mzima kwa mikono miwili: ukwapi huku, utao kule, kina cha kati pale kinapostahili kuwa. Mimi mwenye macho mawili sijawahi kulishika shairi namna hiyo.

Ndiyo maana aliponipigia simu hakupoteza muda. "Mwanangu, sisomi." Hakusema kompyuta mbovu. Alikuwa na diwani ya marehemu rafiki yake, mwalimu mwenzake, na familia ilikuwa imeahidiwa kazi ikamilike kabla ya arobaini. Zilibaki siku 9.

Kwenye simu tulipitia yale ya kawaida. Badilisha waya. Chomeka tundu jingine la USB. Zima, washa. Washa NVDA upya, nenda kwenye mipangilio ya nukta nundu, chagua kifaa kijitafute chenyewe. Kimya. Ijumaa nikapanda basi.

Nilipofika na kufungua orodha ya vifaa, kibao kilikuwemo, na kando yake mfumo umeandika kwa utulivu kwamba kifaa hiki kinafanya kazi ipasavyo. Nilimsomea. Akaweka viganja juu ya zile pini zilizolala na kusema, "Muulize kinamfanyia nani."

Nilicheka, lakini swali lilikuwa ndilo. Kila kifaa kinahitaji draiva, ile programu ndogo inayosimama katikati kama mkalimani: mfumo unasema hivi, kifaa kinaelewa hivi. Nikafungua maelezo ya draiva, nikakuta siyo ya kiwanda kilichotengeneza kibao. Imewekwa nyingine, inayotumiwa na kisoma skrini cha mfumo wenyewe. Hicho nacho kinajua nukta nundu, lakini kikishawekewa draiva yake, kinakishika kifaa peke yake. NVDA ikija kubisha hodi, haifunguliwi. Mafahali wawili hawakai zizi moja.

Basi ikajulikana ilivyokuwa. Kijana wa stesheneri aliyepandisha toleo alikuwa amemwona mteja wake haoni, akaenda kwenye mipangilio na kuwasha kila kilichoandikiwa wasioona. Tena alimwambia kwa furaha, "Mama, nimekuwekea vyote." Alikuwa na nia njema kabisa. Hakumuuliza tu anasomaje.

Dawa yenyewe ilikuwa dakika 10. Nikazima nukta nundu za kile kisoma skrini cha ndani. Nikarudi kwenye orodha ya vifaa, nikachagua kusasisha draiva, lakini siyo kwa kuiachia kompyuta itafute; nikaiambia inipe orodha ya zilizomo tayari ndani yake. Ile ya kiwanda ilikuwepo, imekaa chini ya ile mpya. Nikaichagua, nikazima, nikawasha. Kwanza tukasikia pini zikigonga, mlio kama mchele ukimwagika juu ya ungo. Shangazi alinyamaza. Vidole vikatembea hadi mwisho wa mstari, vikarudi. Kisha akasema, "Ubeti wa tatu, hapa marehemu hakuandika ng'oa. Hebu nitazamie muswada wa mkono." Nikautazama. Ilikuwa ngoa. Kwa sauti tu, mwanamke wa lile shairi angeenda kuchapwa aking'olewa na mumewe, badala ya kumaliza ngoa yake.

Diwani ilikwisha siku 2 kabla ya arobaini.

Tangu hapo, mtu akiniomba nimpandishie toleo, swali la kwanza siyo kompyuta ina nafasi kiasi gani. Nauliza: umechomeka nini humo, na unakitumia kwa kazi gani? Naandika jina la draiva ya kila kifaa na toleo lake, naihifadhi nakala yake kwenye flashi, naweka pointi ya kurejeshea mfumo ulivyokuwa. Baada ya hapo naweza kubofya. Na tukimaliza siondoki mpaka mwenyewe akae, ajaribu, aseme kama anasoma. Orodha ya vifaa siiamini tena peke yake.

Shangazi yuko kwenye muswada mwingine sasa. Kompyuta inamkumbusha kila wiki kwamba kuna toleo jipya. Anaijibu kwa kitufe cha "baadaye", na ananiambia hiyo baadaye ni mimi nikija Tanga.