Gia ya Pili Kushuka Ruvubu

Nimestaafu kazi ya kupeleka chanjo, na pikipiki niliyokabidhi amepewa kijana ambaye wiki hiyohiyo nilimwona akishuka mlima injini imezimwa. Ndiyo maana naandika.

Nilizaliwa Bugufi, upande wa Ngara unaopakana na Burundi, katikati ya migomba na kahawa. Utoto wangu ulikuwa shule, kuchota maji na kupanda vilima kwa miguu. Nilipomaliza darasa la saba nikaenda kukaa kwa baba mkubwa, aliyekuwa akipeleka chanjo kwenye zahanati za vijijini kwa pikipiki. Barabara nilifundishwa naye.

Mto Ruvubu unaikata wilaya yetu kabla haujakutana na Kagera pale Rusumo. Huku Bugufi, kule Bushubi. Ukitoka Ngara kwenda Rulenge lazima ushuke hadi bondeni, kisha uanze kupanda upya. Kiangazi changarawe inaviringika chini ya tairi. Masika ule udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Nyuma umefunga kasha la chanjo, ambalo ndani linatakiwa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na vichupa vyake ni vya kioo.

Baba mkubwa hakuwa mtu wa maneno mengi. Juu ya mlima alisimama, akabonyeza breki ya nyuma mara mbili akiwa papo hapo, akaingiza gia ya pili. “Mwanangu, injini ndiyo breki yako,” alisema. “Ile ya mguuni iweke akiba.” Kisha akashuka, mlio wa injini ukiwa uleule toka juu mpaka chini.

Wenzake walimbishia, na sitawanyima haki yao: hoja yao ilikuwa na mzizi. Pikipiki za Yamaha AG100 za wakati ule zilichoma oili pamoja na petroli, na oili ilifuata mafuta. Ukifunga mafuta kabisa kwenye mteremko mrefu huku gia imeingia, pistoni inazunguka kwa kasi bila ulainisho wa kutosha, na injini inaweza kukwama. Ndiyo maana wakasema heri kutoa gia. Baba mkubwa alikuwa na jibu: kila baada ya kitambo alibana klachi, akafungua mafuta kidogo injini ikanywa, akaachia klachi tena. Lakini pikipiki nyingi za leo zina oili yake chini, ndani ya injini. Sababu ya zamani imekwisha, tabia ya kutoa gia imebaki, hata injini inazimwa, na sasa inaitwa kubana matumizi.

Hapo ndipo ninapokasirika. Ofisi moja niliyoitumikia ilimpima dereva kwa lita. Mwenzetu aliyeshuka milima yote injini ikiwa imezimwa alisifiwa kikaoni kwa kurudi na petroli kwenye tangi. Liningi za breki alizozimaliza zilikuwa kwenye daftari jingine, na hakuna bosi aliyeyaweka madaftari hayo mawili kwenye meza moja. Nilisema. Nikaambiwa nina wivu.

Aprili 1994 niliona kwa macho sababu nyingine ya kutozima injini. Tarehe 28 na 29, kwa muda wa saa 24 hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbilia Tanzania. Barabara ya kuelekea Benako, ilikowekwa kambi yao, ikajaa: mama ana mtoto mgongoni na godoro kichwani, wazee, mbuzi. Nilipita katikati yao na kasha la chanjo kwa gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea, na kabla sijawafikia walikuwa wameshasikia injini na kusogea. Pikipiki iliyozimwa haisikiki. Inamkuta mtu mgongoni.

Sasa nasema na ninyi vijana wa bodaboda wa Ngara, Kabanga, Nyakahura na Biharamulo. Nawaona mkishuka na mshikaki wa abiria, au mikungu ya ndizi imefungwa pande mbili, injini imezimwa. Fikirini kinachotokea ndani ya breki ya nyuma. Liningi inasugua mfululizo, inapata moto, inang'aa, haishiki tena. Mguu unakandamiza na pikipiki inaendelea kwenda. Unakimbilia breki ya mbele, tairi la mbele liko juu ya changarawe kwenye kona, nalo linateleza. Abiria wako hana kofia ngumu. Na petroli uliyookoa ni kidogo mno, kwa kuwa injini iliyofungwa mafuta huchoma karibu sawa na ile inayonguruma pikipiki ikiwa imesimama.

Kijana aliyechukua pikipiki yangu ameniambia kwa heshima, “Mzee, hizo ni zama zenu.” Nimemjibu alete spana. Tutafungua tairi la nyuma la pikipiki yake na la yeyote anayeshuka kwa gia, tuziweke liningi chini pamoja, aangalie mwenyewe.