Safari ya Kwaya Yetu Kutoka Masasi Hata Mkunazini

Wengi mmetuuliza habari za safari ya kwaya ya shule yetu kwenda Unguja mwezi wa Juni. Sisi walimu wawili tuliowaongoza watoto twaona ni haki yenu kuisikia yote, iliyo tamu na iliyo chungu. Twaanza na ile chungu, maana wazazi ndio waliotoa mali yao: kinanda cha umeme mlichokinunua kwa fedha za korosho hakikurudi kizima. Kiliharibiwa na maji ya bahari, na kosa lilikuwa letu.

Tuliondoka Masasi alfajiri, waimbaji 24, mlima Mtandi ukali umefunikwa na ukungu. Tukapita Ndanda, tukapita Nyangao, hata tukaiona bahari ya Lindi. Hapo tukasimama kidogo, tukawaeleza watoto kwamba njia hii tuliyoishuka kwa saa chache, wazee wa Masasi waliipanda kwa miguu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alisafiri kwa meli kutoka Unguja hata Lindi pamoja na kundi la watu waliookolewa utumwani, akatembea nao kutoka pwani. Nia ilikuwa kuwarudisha nchi za Nyasa. Lakini walipofika Masasi wakaiona nchi kuwa njema, wakakaa. Ndio mwanzo wa Misheni ya kwetu. Haikupita miaka mingi wakapatwa na msiba: mwaka 1882 Wamagwangwara waliwashambulia, wakachoma makao yao, wakachukua mateka. Hata hivyo kazi haikufa.

Mtoto mmoja aliposikia hayo akasema, "Basi, Mwalimu, sisi twarudi nyuma kwa nyayo zao." Naam, alisema kweli, ingawa wakati ule hatukumsikiliza sana, tulikuwa tukihesabu mizigo.

Kutoka Lindi tukashika njia ya kaskazini, tukavuka mto Rufiji kwa lile daraja refu lililofunguliwa mwaka 2003, na usiku tukalala Dar es Salaam kwa Wakristo wenzetu. Asubuhi yake tukapanda meli. Mwajua kwamba Juni ni wakati wa kusi, na bahari huchafuka. Tulipoona malipo ya kuweka mzigo mkubwa ndani ni mengi, tukakifunga kinanda kwa kanga mbili, tukakiweka sitaha ya nyuma. Baharia mmoja akatuonya, akasema, "Mwalimu, pale patapata maji. Tafuteni turubai." Sisi tukamjibu kwamba safari ni ya saa mbili tu. Tulipofika katikati ya mkondo, wimbi la kwanza likaruka, na la pili, na la tatu. Tuliposhuka Unguja, tulikiinamisha kinanda kikatoka maji kama mtungi.

Tukakipeleka kwa fundi mmoja pale Darajani, Mwislamu mtu mzima. Akakifungua, akakikausha kwa subira mchana kutwa, akajaribu mara nyingi. Mwisho akasema, "Walimu wangu, maji ya chumvi hayana huruma. Kimekwisha." Tulipotaka kumlipa kwa taabu yake akakataa. "Hawa wanangu ni wageni wetu," akasema. "Waacheni waimbe kwa vinywa."

Jioni ile palikuwa na huzuni nyingi. Wengine walitaka turudi nyumbani, wakisema tutaaibika mbele ya watu wa mjini. Wenyeji wetu, kwa wema wao, wakaahidi kututafutia kinanda cha kuazima kabla ya Jumapili. Tukawaambia watoto tutakata shauri kesho yake, tukiisha kwenda kupaona mahali penyewe.

Hata kesho tukaenda Mkunazini. Wasomaji wengi mwajua kwamba kanisa kuu lile limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, na siku ya Noeli mwaka uo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Bwana Steere aliisimamia kazi hiyo miaka kadhaa. Aliezeka dari yake kama nusu ya pipa, kwa chokaa na saruji na mawe ya matumbawe, bila boriti. Na wako waliosema itaanguka. Haikuanguka hata leo. Mwenyewe alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu. Pana pia msalaba uliofanywa kwa mti wa Chitambo, ule ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone. Nje, katika shimo, zimesimama sanamu za watu watano wenye minyororo shingoni, kumbukumbu iliyowekwa mwaka 1998.

Watoto walisimama kando ya shimo lile muda mrefu. Hakuna aliyecheza, wala hakuna aliyeambiwa anyamaze. Kisha msichana mmoja wa sauti ya pili akatugeukia, akauliza, "Mwalimu, wale waliouzwa hapa walikuja na nini mikononi? Na wale waliokwenda Masasi walichukua kinanda gani?" Hatukuwa na jibu. Akasema, "Basi tuimbe kama tulivyo." Wenzake wakakubali wote. Tukawashukuru wenyeji, tukawaambia wasihangaike tena.

Jumapili ikafika. Twapenda kusema kwamba tuliimba vizuri tangu mwanzo, lakini tutakuwa waongo. Mwenzetu aliyetoa sauti kwa filimbi ndogo aliitoa juu mno, na wasichana wakashindwa katika ubeti wa kwanza. Ikatubidi kunyamaza mbele ya kanisa zima. Jasho likatutoka. Tukashusha sauti, tukaanza tena polepole. Na hapo tukasikia jambo ambalo hatukulisikia katika mazoezi yetu yote. Dari ile ilipokea kila neno, ikalishika kidogo, ikalirudisha. Watoto wakajifunza palepale kungojana: wasipongojana maneno yalichafuka, walipongojana yakawa safi. Sauti ya nne ilichelewa mara mbili katika wimbo wa tatu, lakini hata wao wakaja wakashikana na wenzao.

Baada ya ibada mama mmoja mzee, mkaa mjini, akaja akawashika watoto mikono mmoja mmoja. Akatuambia sisi walimu, "Kwaya nyingi hupita hapa, wanangu. Siku nyingine hurudi nyumbani nimesikia ngoma za kinanda tu. Leo nimesikia maneno."

Neno lile lilituchoma, maana twajua ngoma za kinanda chetu zilivyokuwa. Mtoto asiyejua maneno alijificha nyuma yake, na sisi walimu tukamwacha. Enyi walimu wenzetu, hatuwaambii mtupe vinanda vyenu. Twawaomba tu kwamba kila juma mwimbe siku moja bila chombo, kwa solfa na kwa masikio, mpate kujua ni watoto wangapi wanaoimba kweli.

Jumatatu tukaenda Mbweni, kusini mwa mji, mahali Misheni ilipokuwa na shamba la watu waliookolewa. Ndiko walikotoka wale wa Masasi. Magofu ya shule ya wasichana yapo, na karibu yake kanisa dogo na makaburi, na miongoni mwao la Bibi Caroline Thackeray, aliyefundisha wasichana wa pale miaka mingi. Watoto wakaimba kati ya makaburi, bila kuambiwa, wimbo mmoja tu. Kisha tukarudi.

Tulipofika Masasi tuliwaita wazazi, tukaungama. Hatukusema kwamba hasara ile ilikuwa faida. Mali ya watu ni mali ya watu, na onyo la baharia tulilisikia kwa masikio yetu. Baba mmoja akasimama, akasema, "Fedha za korosho huzaa tena mtini. Lakini siku nyingine, walimu, mwenye kuijua bahari akisema, msikieni." Watu wakacheka, nasi tukacheka kwa haya.

Watoto wenyewe wameshauriana kwamba msimu wa korosho ukifika wataokota kila Jumamosi katika mashamba ya wazazi, na ujira wao uwekwe akiba hata kipatikane kinanda kingine. Sisi walimu wawili tutaokota pamoja nao. Mwenye shamba anayehitaji mikono na atuite.

Sisi ndugu zenu katika Kristo,
Walimu wa kwaya.